Wimbo wa Jazi Mbele ya Mahakimu Viziwi: Utunzi wa Mbaraka Mwinshehe na Uhakiki wa Ushairi wa Kiswahili

Mwaka 1979 una mambo mawili yanayougusa mji wa Mombasa na ushairi wa Kiswahili, ambayo aghalabu hayatajwi pamoja. La kwanza ni kifo. Mnamo Januari ya mwaka huo Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mtunzi, mwimbaji na mpigaji wa gitaa la solo, alifariki mjini humo kutokana na ajali ya gari, akiwa na umri wa miaka 34. La pili ni kitabu. Mwaka huo huo Mohamed Abdulaziz alichapisha utafiti wake juu ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki yapata mwaka 1840, na katika kichwa cha kitabu hicho akautambulisha ushairi wa Muyaka kuwa ni ushairi wa umma. Hivyo basi, mwaka ule ule ambapo mtunzi mmoja wa sokoni alikaribishwa maktabani kwa heshima zake zote, mtunzi mwingine wa sokoni alizikwa, na hadi leo mlango wa maktaba hiyo haujamfungukia sawasawa.

Sababu ya mlango kubaki umefungwa si udhaifu wa nyimbo zake. Makala hii inashikilia kwamba wahakiki wa ushairi wa Kiswahili wamezisoma nyimbo hizo badala ya kuzisikiliza, na kisha wakazihukumu kwa upungufu wa maandishi ambayo waliyaandika wao wenyewe.

Hukumu hiyo inafahamika vyema na yeyote aliyepitia madarasa ya fasihi katika vyuo vikuu vyetu. Husemwa kwamba nyimbo za bendi za jazi zina maneno machache yanayorudiwarudiwa. Kwamba hazina vina wala mizani. Kwamba lugha yake ni ya mitaani na dhamira yake ni mapenzi matupu. Kwamba, kwa ufupi, ni burudani na wala si fasihi. Mwanafunzi wa uzamili anayeleta pendekezo la kuchunguza utunzi wa Mbaraka, au wa Salum Abdallah, au wa Marijani Rajabu, huelekezwa kwa upole kwenye nyimbo za jando, za harusi na za bembelezi, ambazo zimekwisha kupewa chumba chao katika nyumba ya fasihi simulizi. Akishikilia msimamo wake, hushauriwa abadili kichwa cha tasnifu ili kisomeke kuwa ni uchunguzi wa nafasi ya muziki katika jamii. Njia zote mbili humtoa mtunzi nje. Katika ya kwanza huondoka pamoja na nyimbo zake. Katika ya pili nyimbo hubaki ila yeye hutoweka, na mahali pake hukalia kitu kiitwacho jamii, ambacho hakijapata kushika gitaa.

Kabla ya kuendelea, neno jazi lenyewe linahitaji kuwekwa wazi. Katika majina kama vile Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz, neno hili halina maana ya muziki wa Wamarekani weusi wa New Orleans, ingawa jina limetoka huko. Lilikuwa jina la bendi ya magitaa, saksafoni na ngoma, iliyopiga dansi lililochota kutoka rumba ya Cuba na ya Kongo na kutoka ngoma za wenyeji, na ambayo kila moja ilijitambulisha kwa mtindo wake: Msondo wa NUTA, Saboso wa Western, Sululu wa Morogoro Jazz, na baadaye Masika wa Super Volcano. Mbaraka, aliyezaliwa Mzenga wilayani Kisarawe mwaka 1944, alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaiongoza hadi 1973, kisha akaunda bendi yake mwenyewe, Super Volcano. Mtu aliyetunga mfululizo kwa zaidi ya mwongo mmoja, mwenye mtindo unaotambulika mara tu nyuzi zinapoguswa, ana kila sifa ambayo uhakiki huidai kwa mtunzi. Kinachoshangaza ni kwamba sifa hizo hizo zimemponza. Kwa kuwa anajulikana kwa jina na sauti yake imo katika santuri, wataalamu wa fasihi simulizi humwona ni wa kisasa mno. Na kwa kuwa hakuacha diwani, wataalamu wa fasihi andishi humwona hana matini.

Hana matini? Na itazamwe jinsi matini ya wimbo wa jazi inavyotengenezwa katika kazi zetu za kitaaluma. Mtafiti huketi na chombo cha kuchezea kanda, akasikiliza, akasimamisha, akaandika. Mstari unaporudiwa, huandika mara moja na kuweka alama ya mara nne pembeni. Gitaa linapoingia, huweka nukta tatu. Waitikiaji wanapochukua neno kutoka kinywani mwa mwimbaji, huandika kiitikio kwenye mabano na kuendelea. Majina ya watu na ya miji yanayotajwa wakati ngoma imepamba moto huachwa kabisa, maana hayana vina. Wimbo unapofikia mwisho wa upande wa kwanza wa santuri, kazi nayo huisha. Lakini santuri za inchi 7 zilizotolewa Nairobi katika miaka ya 1970 ziligawa wimbo mara mbili, sehemu ya kwanza upande huu na sehemu ya pili upande ule, na ni katika upande wa pili ambapo mara nyingi mwendo uliharakishwa, maneno yakapungua na magitaa yakashika usukani. Mtafiti hapindui santuri. Anachobaki nacho ni mistari kumi na mitano katika ukurasa mweupe, na juu ya mistari hiyo huandika kwamba wimbo una maneno machache. Ni kama mtu aliyempara samaki, akatupa minofu, kisha akaenda kuwalaumu wavuvi kwamba samaki wao ni miba mitupu.

Hoja ya takriri ndiyo nguzo ya hukumu hii, na hapana budi ivunjwe kwanza. Vitabu vyetu vya nadharia hufunza kwamba takriri hutumiwa kusisitiza jambo. Fasili hiyo huenda ikalitosha shairi la kusomwa kimya. Katika wimbo wa Mbaraka haitoshi, kwa sababu neno linaloimbwa mara ya pili halisemwi na msemaji yule yule wala halielekezwi kwa msikilizaji yule yule. Mara ya kwanza mstari hutolewa na sauti moja, taratibu, nayo ni sauti ya nafsineni anayelalamika au anayebembeleza. Waitikiaji wanapouchukua, malalamiko ya mtu mmoja huwa ushuhuda wa wengi. Aliyekuwa akisikitika peke yake sasa ana watu wanaokubaliana naye, au pengine wanaomwigiza. Kisha sauti hunyamaza na gitaa la solo hurudia lahani ya mstari ule ule bila maneno. Hapo ndipo penye ufundi mkubwa: maneno hayasikiki, lakini kila msikilizaji huyaimba moyoni mwake. Mstari ambao mtafiti ameuandika mara moja na kuuwekea alama ya mara nne umesemwa na mmoja, ukasemwa na wengi, ukasemwa na chombo, na mwishowe ukasemwa na hadhira. Katika tamthilia, mambo haya yangeitwa mabadiliko ya wahusika, na yangeandikiwa sura nzima ya tasnifu.

Ifahamike pia kwamba sauti na gitaa hapa ni vya mtu mmoja. Mbaraka aliimba na kupiga solo, na wapenzi wake walimpa jina la Soloist National si kwa uimbaji bali kwa vidole vyake. Kwa hiyo uhusiano wa maneno na nyuzi katika nyimbo zake si bahati wala mapambo yaliyoongezwa na wapigaji baada ya mtunzi kumaliza kazi yake. Ni utunzi. Kumchambua kwa maneno pekee ni sawa na kuuchambua utenzi kwa vipande vya kwanza vya kila ubeti, na kisha kudai kwamba haukamiliki.

Wimbo wa “Shida” ni mfano mzuri, hasa kwa kuwa ndio uliosambaa zaidi na kwa hiyo ndio uliodharauliwa zaidi. Jina lake ni nomino moja ya kawaida kabisa. Haielezi shida gani, ya nani, wala ya lini. Mhakiki anayetafuta taswira mahsusi huona hapa ufukara wa mtunzi. Lakini nomino isiyo na mwenyewe ndiyo hasa iliyouwezesha wimbo kuvuka mpaka wa Tanzania na Kenya, kuingia katika baa za Nairobi na nyumba za kupanga za Mombasa, na kukaa kinywani mwa mtu ambaye shida yake ni kodi ya nyumba sawasawa na yule ambaye shida yake ni mpenzi. Utenzi wa kidini nao hutumia maneno mapana kama dunia na dhiki, na hakuna anayesema kwamba ni maneno mafukara. Tofauti ni kwamba upana wa utenzi huitwa falsafa, na upana wa wimbo wa jazi huitwa uvivu.

Uteuzi wa msamiati wa Mbaraka unadhihirika hata zaidi katika wimbo uitwao “Masimango”. Neno hili halina visawe rahisi. Kusimanga ni kumkumbusha mtu wema uliomtendea kwa namna inayougeuza wema huo kuwa mzigo, na aghalabu huhusu chakula, malazi na nguo, yaani fadhila za watu wanaoishi nyumba moja. Ni neno la jikoni na barazani, la mke wa kaka na mtoto wa kulelewa, la mgeni aliyekuja mjini kutafuta kazi na ambaye mwezi wa tatu umemkuta bado yumo sebuleni kwa jamaa yake. Katika miaka ambayo vijana walihama kutoka mashamba kwenda mijini na kutegemea ndugu, neno hili lilikuwa na uzito usiopatikana katika kamusi. Diwani nyingi za kipindi hicho zilijaa maneno makubwa: ukombozi, ubepari, maendeleo, umoja. Zilikuwa na sababu zake. Lakini ni diwani ngapi zilizoliona sebule la jamaa kuwa mahali pa ushairi? Mtunzi wa jazi aliliona, akalipa jina kwa neno moja la watu wa kawaida, na akawaachia waitikiaji walibebe.

Vivyo hivyo “Jogoo la Shambani”. Kila Mswahili aisikiaye anwani hii hukamilisha methali mwenyewe: jogoo la shamba haliwiki mjini. Mtunzi anaitegemea methali hiyo bila kulazimika kuieleza, na anwani yake imesimama juu ya ugomvi wa kweli. Morogoro ilikuwa mji wa reli na mashamba ya mkonge, wala si Dar es Salaam. Hata hivyo, mji huo ulikuwa na bendi mbili zilizoshindana na kuheshimiwa kote Afrika Mashariki: Cuban Marimba, iliyoongozwa na Salum Abdallah hadi ajali ya gari ilipomwua mwaka 1965, na Morogoro Jazz. Mwaka 1970 ilikuwa ni Morogoro Jazz iliyokwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika Expo 70, safari ambayo Mbaraka aliitungia wimbo. Mhakiki aliyezoea kutafuta mwingiliano-matini katika riwaya za Kezilahabi angeweza kuupata hapa pasipo tabu, laiti angaliupa wimbo nafasi ya kuwa matini.

Watetezi wa hukumu ya zamani wana kinga moja ambayo huirudia mara kwa mara, na ndiyo yenye udhaifu mkubwa zaidi. Wanasema kwamba ikiwa thamani ya wimbo imo katika gitaa na waitikiaji, basi wimbo ni mali ya idara ya muziki na uhakiki wa fasihi hauna kazi nao. Kama wangeuzingatia msimamo huo kwa uaminifu, ungestahili kujibiwa kwa utaratibu. Lakini hawauzingatii. Nyimbo za taarabu nazo huimbwa, nazo zina fidla, kanuni na udi, nazo hubadilika ukumbini hadhira inapotunza na kushangilia. Na hata hivyo zimechambuliwa kwa miaka mingi katika idara hizo hizo za fasihi bila mtu yeyote kudai kwamba zihamishwe. Sababu ni moja. Maneno ya taarabu ya jadi yakiandikwa karatasini hufanana na shairi: yana beti, yana vina vya kati na vya mwisho, yana mizani inayohesabika. Kwa hiyo muziki si kizuizi hata kidogo. Kinachoushinda wimbo wa jazi ni umbo lake ukurasani. Mhakiki anadai kuwa anautetea mpaka kati ya fasihi na muziki ilhali anautetea mpaka kati ya shairi linaloonekana na shairi lisiloonekana.

Na wanajadi wanaposimama upande huo wanawasaliti walimu wao. Sheikh Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kilichokuwa msahafu wa wanajadi, aliufanya uwezo wa kuimbika kuwa sharti la shairi. Shaaban Robert aliuweka wimbo na shairi katika ukoo mmoja, akitofautisha kwa ukubwa na si kwa asili. Zaidi ya hayo, alipotaka kuandika maisha ya msanii mwenzake, mwandishi huyo hakumchagua malenga wa diwani. Alimwandikia Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na wasifu huo ukatoka mwaka 1958. Yaani mwandishi mkuu wa Kiswahili wa karne ya 20 hakuona aibu kuketi mbele ya mwimbaji wa santuri na kumwuliza habari zake. Wanaomwita Shaaban Robert baba wa fasihi ya kisasa wamekisoma kitabu hicho kama habari za mwanamke shujaa na fukara aliyefanikiwa, wakasahau kwamba ni kitabu juu ya mtunzi na mwimbaji.

Wanamapinduzi nao hawana cha kujivunia. Katika miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi na Mulokozi na Kahigi wakatoa Mashairi ya Kisasa na Malenga wa Bara, hoja yao kuu ilikuwa kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi wa Kiswahili, na kwamba mtunzi anaweza kutegemea mapigo ya lugha ya kawaida ya watu. Wapinzani wao walijibu kwamba mashairi ya namna hiyo ni ya kigeni na kwamba hakuna Mswahili aliyepata kuyaimba. Ugomvi ukarindima kurasani na makongamanoni kwa zaidi ya miaka 20. Wakati wote huo, kila Jumamosi, maelfu ya Waswahili na wasio Waswahili walikuwa wakiimba pamoja na bendi tungo za Kiswahili zisizo na mizani ya kuhesabu wala vina vya lazima, zilizoegemea mapigo ya lugha ya kawaida ya watu. Ushahidi ambao wanamapinduzi waliuhitaji ili kushinda hoja ulikuwa ukipigwa redioni nje ya dirisha la chumba cha semina. Hawakuuita mahakamani. Yamkini waliona kwamba ushahidi wa walevi na wacheza dansi ungewashushia hadhi. Na kwa kufanya hivyo walionyesha kwamba umma waliouimba katika mashairi yao haukuwa na ruhusa ya kuwajibu.

Kuna kundi la tatu, lenye nia njema, ambalo madhara yake si madogo. Hawa huzipenda nyimbo za jazi na huziita kioo cha jamii. Hutafuta katika santuri habari za uhamiaji mijini, za siasa ya Ujamaa, za uhusiano wa jinsia, wakazipata, wakazipanga, wakatoa asilimia. Kioo hakitungi. Anayeuita wimbo kioo amekwisha kuamua kwamba mtunzi hakuchagua chochote. Chukuliwe wimbo wa maombolezo ya Dkt. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa aliyeuawa kwa risasi Isimani siku ya Krismasi mwaka 1971 na mkulima Saidi Mwamwindi, katika mzozo uliohusu kilimo cha kijamaa na mashamba ya watu binafsi. Mwamwindi alihukumiwa kifo. Katika mzozo huo nchi haikuwa na moyo mmoja: kulikuwa na waliomlilia kiongozi na kulikuwa na wakulima wa mahindi waliohofia mashamba yao. Wimbo wa Morogoro Jazz ulimlilia kiongozi. Je, hiki ni kioo? Kama ni kioo, kimeonyesha nusu ya uso. Tena ikumbukwe kwamba bendi zilirekodi Redio Tanzania, na maneno yalipimwa kabla ya kurekodiwa. Swali la kifasihi linaanzia hapo: mtunzi anayejua kwamba maneno yake yatapimwa huweka wapi yale yasiyopimika? Je, gitaa katika wimbo wa namna hiyo linalia pamoja na maneno, au linaliacha neno likatangulia peke yake? Maswali haya hayawezi kuulizwa na mtu anayehesabu dhamira. Na huenda jibu lisimpendeze mpenzi wa Mbaraka, kwa maana inawezekana kwamba katika wimbo huo mtunzi alisema kile hasa kilichotarajiwa. Uhakiki unaostahili jina hilo hauna budi kuwa na uwezo wa kusema hivyo pia. Kumtetea mtunzi wa jazi hakuna maana ya kumtukuza. Kuna maana ya kumpa haki ya kukosolewa kama watunzi wenzake.

Mwaka 2016 Bob Dylan alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, mjadala ulizuka hata katika idara zetu: je, mtunzi wa nyimbo ni mwanafasihi? Ulijadiliwa kwa bidii, kana kwamba ni swali lililozaliwa Stockholm. Waliolijadili walikuwa wamekaa miaka mingi karibu na kaburi la swali hilo hilo. Ugonjwa wa aina hiyo ndio unaomfanya Mbaraka asifiwe kwa kuitwa Franco wa Tanzania. Franco alikuwa mkubwa, hilo halina ubishi. Lakini msifu huyo hajasema lolote juu ya Kiswahili, na bila Kiswahili Mbaraka ni nusu ya mtu.

Endapo haya yanakubaliwa, kazi ya kwanza si nadharia mpya. Ni kazi ya uhariri, ile ile ngumu na isiyo na sifa ambayo Mwalimu Sikujua na baada yake William Taylor na William Hichens waliifanya kwa Muyaka, na bila hiyo Abdulaziz asingekuwa na la kuandika. Nyimbo za Mbaraka zimetawanyika. Zimo katika kanda za redio, katika santuri za inchi 7 zilizochakaa, katika mfululizo wa Ukumbusho uliotolewa baada ya kifo chake, na siku hizi katika intaneti, ambako anwani hukosewa, sehemu ya pili hukatwa na majina ya wenzake bendini hufutwa. Si kila wimbo ulioimbwa na Morogoro Jazz ulitungwa na yeye, na heshima kwake haiwezi kujengwa kwa kuwanyang'anya wengine. Afrika Mashariki imekwisha kuona uzembe wa namna hii unavyogharimu: “Malaika”, wimbo uliozunguka dunia kwa sauti ya Fadhili William, ya Miriam Makeba na ya wengine, bado unagombewa kuhusu ni nani aliyeutunga, na Fadhili alifariki mwaka 2001 bila ugomvi huo kwisha. Hakuna mtu anayegombea utunzi wa Al-Inkishafi kwa namna hiyo, kwa kuwa wahariri walifanya kazi yao mapema.

Uhariri wa wimbo wa jazi utahitaji alama ambazo vitabu vyetu vya ushairi havina: ya sauti moja na ya sauti nyingi, ya gitaa linalorudia mstari na la gitaa linaloupinga, ya mahali mwendo unapobadilika, ya jina linalotajwa na mtu anayetajwa. Kila marudio yataandikwa mahali pake, hata yakijaza kurasa nne, na msimamizi wa tasnifu atakayelalamika kwamba mwanafunzi anajaza karatasi aombwe asikilize kwanza. Tasnifu itawasilishwa pamoja na sauti. Mtahini wa nje naye atatumiwa sauti hiyo, na ripoti yake itaonyesha kwamba ameicheza hadi mwisho, upande wa kwanza na upande wa pili.